Mzambarau wa Machano

Usiniulize ilikuwa mwaka gani. Katika mji ule miaka haikupangwa mstari kama watoto wa skuli. Ilikaa mmoja juu ya mwingine kama vyungu jikoni, na aliyeutaka wa chini ilimbidi aondoe wa juu kwanza. Mtu aliweza kwenda kisimani akiwa kijana, akarudi na ndoo yake kichwani akiwa na mvi, na kesho yake akaamka mdogo tena, anadai uji. Hakuna aliyeshangaa. Walishazoea. Ukimwuliza mtu umri wake alikutazama kama uliyemwuliza upepo una rangi gani, akaenda zake.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakiyumbi, nacho ni miti. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa uani, na juu yake ukapandwa mche. Jina lake lilisemwa kwa mara ya kwanza pale shinani, kabla hata ya kusemwa sikioni mwake. Kuanzia hapo mti ndio ulioshika jina. Aliyepotea njia ndani ya umri wake mwenyewe alikwenda uani, akaweka kiganja juu ya gome, akajua yeye ni nani. Hata mtu akifa, mti wake ulibaki umelishika jina, na walio hai wakalitamka bila tabu, wakamsema, wakamcheka, wakamlilia. Lakini mti ukianguka, basi. Jina lilitoka vinywani mwa watu wote kwa mkupuo mmoja, wa mbali na wa karibu, hata mama mzazi. Kwa hiyo mimi nitakutajia majina ya wale ambao miti yao ilikuwa bado imesimama. Hao wengine usinilazimishe, sinayo.

Bi Sihaba aliishi nyumba ya mwisho, pale njia inapokatika na kilima kinapoanza. Juu ya kilima kile kulikuwa na msitu wa miti ya watu wa kale, mikangazi na mivule, watu ambao hakuna aliyejua tena walikuwa ndugu wa nani, ila ukipita chini yake majina yao yalikujia mdomoni yenyewe, ukajikuta unayasema. Maji ya mji mzima yalitoka chini ya mizizi ile. Bi Sihaba alikuwa mpiga baragumu wa mji. Pakitokea msiba alisimama kizingitini kwake, akajaza mashavu, akapuliza, na watu wakaacha walichokuwa wanafanya.

Alikuwa na mtoto mmoja, Machano, ambaye homa ilimchukua kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Mti wake ulikuwa mzambarau, hapo uani, karibu na dirisha. Kila asubuhi Bi Sihaba aliumwagia maji shinani akisema, "Machano. Machano, baba, umeamka?" Ulimi ulimtii. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo, na usidhani ni dogo. Wako watu wana watoto kumi hai na hawana hata hilo. Na mwaka ule, wowote uliokuwa, mzambarau ulizaa kwa mara ya kwanza. Machano hakuwahi kuonja hata zambarau moja ya mti wake.

Ndipo akaja yule mdudu.

Alikuwa mweusi, mdogo kama punje ya ufuta. Alitoboa gome tundu jembamba la sindano, akaingia, na huko ndani akala. Chini ya mti ukamwagika unga laini wa mbao, ungedhani kuna mtu anachunga unga pale juu. Baadaye majani ya kileleni yakageuka mekundu, kisha ya kati, kisha mti ukafa hali umesimama. Watu walimwita Mgeni, maana hakuna aliyemjua kwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Huyu hakungoja kupewa, alikuja na jembe lake kinywani. Hakuna aliyejua alipitia wapi. Alikuwa leo kwa huyu, na kesho ng'ambo ya mji kwa yule, kana kwamba ana ramani.

Kila aliyeangukiwa na mti wake alibaki bila jina. Alikuwa hai, anakula, anapiga chafya, lakini ukitaka kumwita unakwama. Wakawaita Fulani. Fulani wa kwanza walionewa huruma kweli kweli, watu walitokwa na machozi wakiwatazama. Walipozidi, ikawa kifo cha wengi harusi. Sokoni ulisikia, "Fulani, nipimie viazi," na wakageuka watu saba.

Mti ukianguka, mji ule uliufanyia matanga kama mtu. Bi Sihaba alipuliza baragumu, na kila nyumba ikakata ukuni katika ua wake yenyewe, kwenye mti wake yenyewe, ikaupeleka kwa mfiwa. Huo ndio ulikuwa ukuni wa rambirambi. Mlangoni walikaa wanawake wawili wakitazama mikono ya wanaoingia. Aliyekuja bila ukuni hawakumfukuza, walisema tu kwa sauti ya chini, "Mkono mtupu haulambwi," na neno hilo lilimfuata mtu mpaka kaburini. Mkuu wa mji alisimama akauliza, "Tunamlilia nani?" Mfiwa akataja jina, na watu wote wakalirudia. Kwa msiba wa mti hapakuwa na jina la kutaja, kwa hiyo mkuu aliuliza na watu wakanyamaza, kisha wakaanza kutua kuni zao chini, moja moja. Zilizobaki baada ya tanga kuanuliwa hazikupikiwa. Ziliegemezwa ukutani mwa nyumba ya mfiwa, zikakaa hapo miaka. Mtu akiamka na huzuni alitoka nje akalitazama lile lundo, akasema moyoni, kumbe napendwa.

Shoga yake Bi Sihaba alikuwa katika wa mwanzo kuangukiwa. Mti wake ulikuwa mfenesi. Jina lake silijui. Nilipofika katika kisa hiki mfenesi ulikuwa umeshalala chini. Bi Sihaba alikwenda kumtazama baada ya watu kutawanyika, akamkuta amekaa barazani na mikono mapajani, lundo la kuni limempita kimo.

"Niite, Sihaba," alisema yule mwanamke.

"Nikuiteje, shoga yangu?"

"Hivyo hivyo. Shoga. Usiniite Fulani, tafadhali. Wote hao na waniite, wewe usiniite."

"Siwezi kukuita Fulani hata nikatwe ulimi."

"Tumekua pamoja. Tumechezwa unyago siku moja. Hebu jaribu tena."

Bi Sihaba alijaribu. Alifumba macho, akaurudisha ulimi kwenye siku za utoto wao, akafungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Shoga alicheka, kicheko cha kumwonea mwenzake huruma, na Bi Sihaba akalia. Kabla ya kuondoka aliokota gogo moja la ule mfenesi, lenye moyo wa manjano, akajitwika. Alipofika kwake aliliegemeza kwenye shina la mzambarau. Alifikiri hivi: mti wa mwanangu unajua kushika jina. Labda ndani ya gogo hili kumebaki herufi moja, na mti utaisikia, utanifundisha. Mtu mwenye mapenzi hufikiri mambo ya ajabu, na hakuna wa kumwambia acha.

Misiba ikafuatana. Bi Sihaba alipuliza mpaka midomo ikapasuka. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda kila tanga, macho yake yalianza kuona kitu ambacho moyo wake haukutaka kukiona. Nyumba zenye malundo makubwa ndizo zilizofuata kukauka miti yote iliyobaki uani, ya mume, ya watoto, ya mama mkwe. Waliopendwa sana walimalizika sana. Siku moja, akitoka kwenye msiba kuelekea msiba, alipita kwa Bwana Usi, akasimama njiani mdomo wazi. Ua wa Bwana Usi ulikuwa kijani mtindo mmoja. Mkungu, mfenesi, mdalasini, yote inang'aa, hata jani moja jekundu hakuna.

Bwana Usi alikuwa mtu wa ulimi mkali, mchoyo, aliyewahi kumfukuza ndugu yake kwa sababu ya embe lililoangukia upande wake. Hakuna aliyempenda, na yeye hakuomba kupendwa.

"Bwana Usi," Bi Sihaba aliita kutoka nje, "hii miti yako inatiwa dawa gani?"

"Dawa yangu ni kuchukiwa."

"Sina mzaha leo, nimechoka."

"Nani mwenye mzaha?" Bwana Usi alisogea hadi kwenye ua, akauonyesha ukuta wa nyumba yake kwa kidevu. Ulikuwa mweupe, mtupu, haujaegemewa na kitu tangu ujengwe. "Umeona ukuni wa mtu hapo? Mke wangu alilala chumbani humu, wewe mwenyewe ukapuliza hilo pembe lako, na hakuja kiumbe. Ati kwa sababu mimi sipelekagi. Wali wa maziko yake niliupika kwa makumbi ya nazi, moshi mtupu, nikaula peke yangu. Sasa nenda, mama, mie sina cha kukupa."

Bi Sihaba hakuenda. Alisimama akiutazama ukuta ule mtupu, akayakumbuka malundo ya nyumba zilizokauka. Aligeuka, akaingia nyumba ya kwanza yenye lundo, akachomoa ukuni, akaupasua kwa shoka la mwenye nyumba bila hodi. Ndani mlikuwa na vijia, vingi, vinapindana, na ndani ya vijia mlikuwa na funza weupe waliolala, na katikati yao Mgeni mwenyewe, mweusi, anatikisa vipapasio vyake kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Aliutupa chini, akachomoa wa pili. Akachomoa wa tatu. Kisha akaweka sikio kwenye lundo zima, akasikia: krrr, krrr, krrr. Lahaula! Walikuwa wanakula rambirambi.

Alikaa pale pale chini, na fikra zikamjia bila mpangilio. Mgeni ana mabawa, ndiyo, lakini mabawa gani yale? Hayamvushi ukuta wa pili. Nani basi aliyemvusha mji? Nani aliyempeleka nyumba hata nyumba, akampa kivuli, akamwegemeza ukutani, akakataza asichomwe? Tulimbeba kichwani. Tulimbeba tukilia. Na njia yake ilikuwa sauti. Baragumu lilipolia yeye alijua safari imefika. Tumekuwa tukimtafuta adui kwenye upepo, kwenye mvua, kwenye macho ya watu wabaya, naye mtu mbaya wa mji huu ndiye pekee ambaye hakumbeba. Je, muuaji ni yule anayekula, au ni yule anayebeba? Yeye mdudu hajui msiba. Ana njaa, basi. Sisi ndio tuliojua msiba, tukaujua vizuri mno, tukaufanya uwe na miguu. Na ikiwa mapenzi yenyewe ndiyo njia ya kifo, mtu apende vipi? Aache? Awe kama Bwana Usi, kijani, ukuta mweupe, wali wa moshi?

Aliinuka akaenda kwa mkuu wa mji.

Mzee Vuai, mkuu wa mji, alikuwa amekwisha kutoa amri siku hizo kwamba kila nyumba ipeleke kuni mbili badala ya mmoja, ili huzuni ya mji ionekane. Alipenda kuonekana. Alimsikiliza Bi Sihaba mbele ya watu waliojaa barazani, na Bi Sihaba alisema yote, akawatupia pale kati ule ukuni uliopasuliwa, funza wakigaagaa.

"Malundo yote yachomwe leo, hapo hapo yalipo," alisema. "Na mti wenye unga chini yake ukatwe hali una majani mabichi, uchomwe pale uliposimama, kisiki na mizizi, kabla Mgeni hajatoka kuruka. Mtu asibebe hata kijiti kutoka ua mmoja hadi mwingine. Basi."

"Mti wenye majani mabichi?" aliuliza Mzee Vuai. "Wenye jina bado?"

"Wenye jina bado."

"Na matanga?"

"Sitapuliza."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja, Fulani, alisimama ushungi ukimwanguka. "Yaani tuzikane kama mbwa? Tuje msibani tukining'iniza mikono? Sihaba, wewe umeingiwa na nini?"

"Lieni," Bi Sihaba alisema. "Nani kawakataza kulia? Ila msibebe."

"Mapenzi yasiyobebwa ni porojo," alisema Mzee Vuai, na watu wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa neno tamu. Mzee Vuai alikuwa na maneno matamu mengi. Ndiyo yaliyomweka pale. "Mwenye kudai wenzake wakate miti yao ingali mibichi," aliendelea, "nadhani wake yeye u mzima."

"Wangu u mzima," alisema Bi Sihaba. "Mimi nyumba yangu haina lundo jipya. Mwanangu alifariki kabla Mgeni hajaja."

Ndipo Shoga akainuka. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Sihaba anasema kweli. Mimi nimeona unga kwenye lundo langu, nikaufagia kila siku nikidhani ni vumbi. Nilikuwa naona haya kulitilia shaka, kwa kuwa mmeniletea kwa mapenzi." Alimgeukia Bi Sihaba, na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu motoni. "Lakini, shoga yangu. Lile gogo langu. Uliliweka wapi?"

Bi Sihaba alitoka barazani bila kuvaa viatu.

Unga ulikuwepo. Kidogo, mweupe, umetua juu ya mzizi mmoja upande ule gogo lilipoegemea. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye gome, akayapata matundu, moja, jingine, jingine. Juu majani yalikuwa bado mabichi na zambarau zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Upepo ulitoka uani kwake ukapanda kilimani, kama unavyopanda siku zote. Kutoka pale hapakuwa na ukuta wala nyumba nyingine. Kulikuwa na mzambarau, kisha mikangazi ya kale, kisha chemchemi.

Nikiuacha. Majani hayajawa mekundu. Nikiuacha jina lipo, kesho lipo, kesho kutwa lipo. Nitamwita asubuhi ataitika, yaani nitaitika mimi kwa niaba yake. Nikiuacha watatoka. Watapanda. Mtu wa kale huko juu hana mama wa kumlilia, nani atajua? Nitajua. Maji yatajua. Nikiukata. Nikiukata nimemwua mara ya pili, na safari hii si homa, ni mimi, mkono huu. Mama gani? Niliyemzika mwili nimzike na jina? Hapana. Bwana Mungu, hapana. Kulinda ni nini? Nilidhani ni kushika. Nimeshika, nimeshika, na tazama nilichokishika mkononi. Machano, baba. Nimekuletea mwenyewe. Nimekuegemezea mlangoni kwako.

Alikaa hivyo hadi jua likachomoza, au labda lilichomoza mara kadhaa. Nimekwisha kukwambia habari ya siku za mji ule. Kisha aliingia ndani, akalitundua baragumu, akalijaza kitambaa mdomoni, akalirudisha ukutani. Alitoka na shoka.

Kwanza alichuma zambarau moja. Aliitia mdomoni, akaila taratibu, na ulimi wake ukawa wa zambarau kama wa mtoto. Ilikuwa tamu, na kwa ndani ikambana ulimi kidogo. Alitema kokwa kwenye kiganja, akalitazama, akalitupa pale pale shinani, maana hata hilo lilikuwa halifai kwenda popote.

"Machano," akasema, akapiga.

Pigo la kwanza lilipoingia, mwaka wa juu uliondoka, na wa chini yake ukaonekana. Alimwona amekaa kwenye tawi mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa, ananyonya kidole. "Machano," akapiga tena. Akamwona mwenye goti lililochubuka, anaficha asipakwe dawa. "Machano." Akamwona wa siku ile ya homa, akalifumba jicho asimwone, akapiga. Miaka iliondoka mmoja mmoja mpaka ikaisha ile anayoijua, na chini yake kumbe palikuwa na mingine. Akaona kijana mrefu aliyeegemea shina, ambaye hajapata kuwako, sharubu zimeanza, shati lina madoa ya zambarau, meno ya zambarau, anatabasamu kama babu yake. Bi Sihaba aliliacha shoka hewani.

"Mama," alisema yule kijana, "zimeiva."

"Nimeonja," alisema Bi Sihaba. "Nimekuonjea, mwanangu."

Kijana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na habari alizoletewa, akasogea kando kidogo ili shoka lipate nafasi. Bi Sihaba akasema jina lake kwa sauti kubwa kuliko baragumu, "Machano!" na mti ukaanguka.

Alifungua mdomo aseme tena. Ulimi ulikwenda mahali pake pa siku zote, ukakuta pamefagiwa.

Aliukata matawi, akayarundika pamoja na shina juu ya kisiki, akatupa na gogo la manjano la Shoga, akawasha. Alichimba mizizi, akaitia motoni. Ndani ya moto alisikia vitu vidogo vikipasuka, vingi, kama ufuta kwenye kikaango, akajua amewahi. Alikaa chini akiwa na masizi mpaka kwenye kope. Alijua alikuwa na mtoto. Alimkumbuka goti, alimkumbuka joto la paji la uso, alikumbuka alivyokuwa akisema uji u moto. Hakumkumbuka ni nani. Uchungu ulimjaa hata akashindwa kukaa vizuri, akawa anajishika tumbo, na hapakuwa na baragumu, na hakutarajia mtu.

Moshi lakini hauhitaji kupulizwa. Mji mzima uliuona.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Usi. Alisimama mbali kidogo na moto, mikono nyuma, kisha akaileta mbele, akavifungua viganja.

"Sikuleta kitu," alisema.

"Hujapata kuleta, Bwana Usi."

"Leo nimekusudia."

Akakaa chini, upande wa moshi. Kisha akaja Shoga, anahema, viganja wazi. Kisha wawili, watatu. Walitembea vibaya, kama watu waliovaa viatu visivyo vyao. Hawakujua mkono mtupu unawekwa wapi. Mzee mmoja alitokea kwenye kona na ukuni begani, kwa mazoea tu, maskini, na Shoga akamnyooshea kidole. Yule mzee aliutazama ukuni wake, akageuka nao, na baadaye moshi wa pili ukapanda kutoka uani kwake, naye akarudi mikono mitupu, analia. Huko nyuma mioshi mingine ikaanza kupanda, hapa na pale, kwenye kuta za nyumba. Wale wanawake wawili wa mlangoni walikuja pamoja. Wakavionyesha viganja vyao na wao. Na kwa kuwa mikono ile haikuwa na cha kubeba, ilishika kilichokuwa karibu: bega la huyu, kiganja cha yule. Mmoja aliukamata mguu wa Bi Sihaba, hakuuachia.

Mzee Vuai alifika mwisho. Nyuma yake kilima kilisimama kijani, na maji yalisikika yakishuka. Hakuwa na neno tamu hata moja. Alivifungua viganja vyake vikubwa, akauliza kama desturi ilivyomtaka, "Tunamlilia nani?"

Walimtazama Bi Sihaba, naye alifungua mdomo, ulimi wake bado una rangi, akaufunga. Akaufungua tena.

Nami nimekwama hapo hapo aliposimama yeye. Jina la yule mtoto niliwahi kuwa nalo. Najua nimeliandika huko juu, si mara moja, hata juu kabisa, kabla ya neno la kwanza. Nikirudi kulitazama naona mahali palipoachwa wazi. Lakini mti wako wewe, unayesoma, sikuuona katika mji ule, na shoka lile halikufika kwako. Unalo bado. Moto unafifia, watu wamekaa na viganja wazi, na mama wa watu anangoja. Mtajie.